Krokasi hazioti popote, msiwadanganye watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa bustani wa Jumamosi, yule aliyeandika kwamba krokasi za majira ya baridi, vile viua vidogo vinavyochomoza ardhini kwenye baridi, zinaota popote bora umwagilie maji. Mimi naishi Enfield, kaskazini mwa London, krokasi ziko mlangoni kwangu kila mwaka na nazipenda kupita kiasi, ndo mana nimeshindwa kunyamaza. Hazioti popote jamani. Na watu washaliwa hela kwa maneno kama hayo, mama yangu mdogo yuko Tanga kanitumia picha wasap, kanunua pakti ya vitunguu vya krokasi, vile vya kupanda sio vya kupikia, kwa muuzaji wa mtandaoni, elfu arobaini, ananiuliza "mwanangu haya si ndo yale maua yako ya kwenye theluji, mbona yametoa majani tu tena yamelala?" Sikujua hata nianzie wapi kumjibu.

Ukweli uko hivi. Krokasi kwao ni Ulaya ya kusini, Uturuki na kuendelea mpaka Asia ya kati, sehemu zenye kiangazi kikavu na baridi ya kweli kweli. Kile kitunguu chake kinalala chini kiangazi chote, ua linajitengeneza humo humo ndani wakati wa joto, alafu linasubiri. Bila kupitishwa kwenye baridi ya wiki kama 12 mpaka 15, chini ya nyuzi 9 hivi, halitoki vizuri au halitoki kabisa. Sasa Tanga baridi hiyo utaitoa wapi? Hata Njombe au Lushoto usiku unajikunyata sawa, ila mchana jua likishapanda na baridi imeondoka.

Najua kuna wajanja watasema weka kwenye friji. Sikatai, inawezekana, hata huku wanaotaka maua ya ndani ya nyumba wanafanya hivyo. Ila usiweke friji moja na ndizi na matofaa, mana matunda yakiiva yanatoa gesi inayoua ua lingali ndani ya kitunguu. Na hata ukifanikiwa, ukilitoa kwenye joto la nyuzi 30 linanyauka haraka, kitunguu nacho kimeisha nguvu, mwaka unaofata huna kitu, unanunua tena. Sa hiyo ni bustani au ni kodi? Kwa elfu arobaini si bora mtu apande asmini ikamnukia kibarazani jioni zote. Au kama anataka ua la kushangaza linalotoka ardhini lenyewe, lipo lile jekundu la duara linalochomoza mvua zikianza, hata majani hayajatoka, nalo lina kitunguu chini na halidai friji ya mtu. Alafu muuzaji wa mimea kutoka nje anatakiwa awe na cheti cha afya ya mimea, muulizeni kwanza kabla ya kutuma hela, wengi hapo ndo wanapopotelea.

Hayo ni ya nyumbani. Sasa wenzangu mlioko huku kwenye baridi, kwenu ushauri wangu ni kinyume kabisa, pandeni. Desemba hapa London jua linazama kabla ya saa kumi jioni, unaenda kazini giza unarudi giza, ukifika mwezi wa pili umechoka hata kuongea, na ndo wakati huo huo hivi vitu vinatoka. Havisubiri joto. Ardhi ikishaachia kidogo tu vinachungulia, theluji ikivifunika vinatulia, ikiyeyuka vinaendelea na shughuli zake. Walioko Oslo au Toronto wategemee kuchelewa, huko barafu haiachii mapema, mwezi wa tatu mwishoni au wa nne.

Kupanda hakuna ufundi. Mwezi wa tisa na wa kumi pakti zinajaa supamaketi, pauni chache tu, ndo mana ile elfu arobaini iliniuma. Unachimba sentimita 8 mpaka 10, ncha juu, sehemu inayopata jua na maji yasituame, mana hiki kitu baridi kinaivumilia ila kulala kwenye tope kinaoza. Ukiwa unakaa ghorofani weka kwenye chungu hapo barazani, changanya kokoto kidogo, basi. Adui mkubwa ni kindi, yani unapanda jioni asubuhi kashafukua kala na maganda kakuachia, dawa yake ni wavu wa waya wa kuku, unautandika juu ya udongo, majani yenyewe yatapita kwenye matundu. Zile za njano shomoro nao wanazidonoa wanazichana bila sababu inayoeleweka, za zambarau wanazisamehe zaidi.

Aina ni nyingi kwa hiyo ukipanga vizuri unaweza ukawa na ua tangu Novemba. Crocus laevigatus ya Ugiriki inaanza mapema sana, nyeupe yenye mistari nje, inanukia. Crocus imperati kwao ni Italia upande wa Napoli, hiyo Januari kukiwa na afadhali inatoka, ikifunga ina rangi ya maziwa yenye michirizi ikifunguka ni zambarau. Lakini kama hela yako ni ya pakti moja tu basi nunua Crocus tommasinianus, imepewa jina la bwana Tommasini, mtaalamu wa mimea ambaye aliwahi pia kuwa meya wa Trieste. Hii inajizalia yenyewe kwa mbegu, unapanda kona moja baada ya miaka inakuwa imeingia kwenye ukoka, kwenye nyufa za njia, mpaka kwa jirani.

Na niwaambie kitu kuhusu hiyo tommasinianus. Asubuhi ya mawingu utapita usiione, imejifunga, nyembamba, nje ina rangi ya majivu, unaweza kudhani imekufa. Saa sita jua likiigonga inafunguka yote, ndani zambarau inayong'aa, katikati nyuzi za rangi ya chungwa. Jua likiondoka inafunga tena. Inachofata zaidi ni joto, kwa hiyo chuma moja iliyofunga uiweke kwenye kikombe cha yai hapo jikoni chai ikiwa inachemka, kaa uiangalie, dakika chache tu inafunguka mbele ya macho yako. Wanangu hawachoki na huo mchezo, na mimi sichoki ila najifanya nafanya kwa ajili yao. Nyuki nao wakiona imefunguka wanajaa, wale malkia wakubwa wenye manyoya wanaoamka mwezi wa pili wana njaa na hakuna ua lingine la maana la kuwapa.

Sharti ni moja, maua yakiisha msikate majani. Yatarefuka, yatalala, yataonekana machafu, mwenye nyumba atalalamika, yaacheni wiki kama sita mpaka yawe ya njano yenyewe, hapo ndo kinatengenezwa kitunguu kipya juu ya kile cha zamani. Ukipitisha mashine ya kukatia majani mapema umekinyima chakula cha mwaka mzima.

Anayetaka kuona kabla hajatoa hela yake aende Kew, ile bustani kubwa ya mimea hapa London, mwezi wa pili mwishoni, kule ni mamia kwa maelfu kwenye ukoka, ila kiingilio kinauma. Mimi napenda zaidi hapa kwetu Myddelton House, bure, nyumba ya bwana Bowles aliyezaliwa humo 1865 akafa 1954, maisha yake yote karibu ni krokasi, hata kitabu kizima aliziandikia 1924. Mafua ya chavua yalikuwa yanamtesa kila mwaka, ikifika wakati wake anakimbilia milima ya Alps, na bado hakuacha maua. Huyo ndo mpenzi wa maua.

Mwandishi wenu pia aligusia zafarani, kwamba ni krokasi, hapo yuko sahihi, ila akazichanganya na hizi. Zafarani ni Crocus sativus, inatoa maua Oktoba na Novemba sio baridi ikikolea, haina mbegu kabisa, inazalishwa kwa vitunguu tu, na kila ua lina nyuzi tatu nyekundu ndo hizo zinazokaushwa, gramu moja inataka maua kama 150 na yote yanachumwa kwa mkono. Nyingi inatoka Irani. Kwa hiyo akina dada mnaouziwa zafarani ya bei ya chee kwa ajili ya pilau, jiulizeni ni nani kachuma hayo maua kwa hela hiyo. Itieni kwenye maji ya moto, ya kweli inatoa rangi taratibu na uzi unabaki mwekundu, ya uongo inaachia rangi yote pale pale na uzi unapauka. Na tafadhali msichume nyuzi za krokasi za bustanini mkatia kwenye chakula mkidhani ni ile ile.

Mhariri, naomba yale maneno ya kuota popote myarekebishe toleo lijalo, na ikifika mwezi wa tisa muwakumbushe wasomaji wenu wa huku Ulaya, mistari miwili tu inatosha. Mwandishi wenu simchukii, anaandika vizuri, akija London mwezi wa pili apande treni Liverpool Street ashuke Turkey Street, ntampokea stesheni twende kwa Bowles akazione kwa macho yake.

Msomaji wenu,
Enfield, London