Kwa ninyi mliokubali kusimamia ndoa

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanangu, Pasaka ikishapita, matangazo ya ndoa hufuatana parokiani Jumapili hadi Jumapili, na vikao vya harusi hujaa kila jioni. Najua wengi wenu mmeshaombwa kusimamia. Najua pia sababu: huyu ana gari zuri, yule ni bosi wa bwana harusi, mwingine anatazamiwa atoe mchango mnono ili kamati isiaibike. Sigombani na hilo, harusi ni gharama. Lakini Kanisa halikuwaita kwa ajili ya suti za kufanana wala kulishana keki. Limewaita muwe mashahidi, na shahidi kazi yake ni kusema kweli kabla ya ndoa, ndani ya ndoa, na hata siku ndoa hiyo ikifikishwa mbele ya Mahakama ya Kanisa.

Mjue mlikotoka. Huko Ulaya, zamani, kijana aliweza kupeana ahadi ya ndoa na binti faraghani, wakawa mume na mke kweli, kisha akachoka naye, akamkana na kuoa mwingine hadharani. Binti angelia kwa nani? Hakuna aliyesikia. Ndipo Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, ukaamuru ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Sheria ya Kanisa ya leo, kanuni ya 1108, bado inadai mashahidi wawili. Kwa hiyo pale altareni mmewekwa kwa ajili ya yule anayeweza kukanwa kesho.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya siku ya harusi. Kanuni ya 1069 inasema waamini wote wanaojua kizuizi cha ndoa wana wajibu wa kumweleza paroko au Askofu kabla ndoa haijafungwa. Matangazo yale ya Jumapili yamewekwa kwa ajili hiyo, ingawa sisi tumeyageuza kuwa habari za nani anamwoa nani. Unajua kwamba bwana harusi alifunga ndoa kwenye parokia nyingine miaka ile alipokuwa kazini, na mke wake yu hai? Nenda kwa paroko. Unajua binti halali usiku, kwa sababu baba ameshapokea mahari na ameapa kumfukuza akikataa? Nenda. Usiniambie hayakuhusu, umekubali yakuhusu. Lakini kwamba bwana harusi alikuwa na wachumba wengi, au kwamba watu wa kwao ni wachoyo, hayo kaa nayo. Ni umbea tu, na paroko ana kazi nyingine.

Nasisitiza hapo kwa sababu ndoa inafanywa na makubaliano ya hao wawili. Wakifikishwa pale kwa hofu, kwa udanganyifu au kwa moyo wa kuigiza, hakuna padre, mzazi wala kamati inayoweza kukubali kwa niaba yao. Wanafungishana ndoa wao wenyewe. Padre anaipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa.

Sasa nije kwenye maneno ya vijiweni, kwamba Kanisa Katoliki nalo lina talaka yake, ukiwa na fedha Roma wanakusainia. Si kweli. Ndoa ya wabatizwa iliyofungwa kihalali na kukamilishwa kwa tendo la ndoa haifunguliwi na mamlaka yoyote ya binadamu, wala kwa sababu yoyote, isipokuwa kifo. Hiyo ni kanuni ya 1141, nayo imesimama juu ya neno la Bwana: “Aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe.” Mahakama ya Kanisa haivunji kitu. Inauliza swali moja: siku ile, saa ile, ndoa ilifungwa kweli? Mtu aliyelazimishwa kwa hofu kubwa hakufunga. Aliyeapa huku moyoni ameazimia asizae kamwe na mwenzake, hakufunga. Aliyemficha mwenzake kwa hila jambo zito ili tu akubaliwe, kwa mfano kwamba anajua hawezi kuzaa, amemnyima haki ya kuchagua. Yuko pia ambaye akili au nafsi yake haikuweza kabisa kuubeba wajibu wa ndoa. Lakini ugomvi wa mawifi, umaskini, mume aliyeanza ulevi mwaka wa nane, mapenzi yaliyopoa, hayo peke yake hayafanyi ndoa kuwa batili. Ndoa iliyofungwa sawasawa ikaharibika baadaye bado ni ndoa.

Na Mahakama haianzi kwa kuishuku ndoa. Kanuni ya 1060 inasema ndoa inalindwa na sheria: pakiwa na shaka, ihesabiwe kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yupo hata afisa aliyewekwa kwa kazi hiyo, Mtetezi wa Kifungo cha Ndoa. Papa Benedikto XIV alimweka mwaka 1741, baada ya kuona ndoa zinatangazwa batili kwa wepesi mno, mara nyingine upande wa pili haupo au umeshapatana na mlalamikaji. Mtetezi anasoma kila karatasi na kutoa kila hoja ya haki inayoweza kutolewa ili ndoa isimame.

Kuhusu fedha, mkumbusheni msemaji wa kijiweni habari ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Aliomba ndoa yake na Catherine wa Aragon itangazwe batili, akatuma wajumbe, akatisha. Mwaka 1534 Papa Klementi VII akatamka kwamba ndoa ile ni halali. Ufalme mzima ulikatika kutoka Roma, lakini sahihi hakuipata. Zama zetu hizi Papa Fransisko alirahisisha njia. Tangu tarehe 8 Desemba 2015 hukumu mbili zinazolingana hazihitajiki tena ili ndoa itangazwe batili. Askofu mwenyewe aweza kuhukumu kwa njia fupi pale wote wawili wanapokubaliana na ushahidi uko wazi. Aliagiza pia kwamba, kadiri inavyowezekana, maskini na tajiri wahudumiwe bure, huku watumishi wa mahakama wakilipwa haki yao. Kurahisisha njia hakukubadili swali. Na watoto msiwatie hofu: aliyezaliwa katika ndoa ambayo walau mmoja aliiamini kuwa halali, kanuni ya 1137 inamtambua kuwa mtoto halali hata ndoa ikitangazwa batili.

Mbele ya Mahakama hiyo ndipo mtakapoitwa. Mtaulizwa alikuwaje bibi harusi wiki ile, nani alisema nini, nani alilia. Naye rafiki yako atakutangulia nyumbani na kinywaji mkononi: “Wewe sema tu nililazimishwa.” Umlaze na kiu. Utaapishwa, na hukumu iliyopatikana kwa uongo haibadili jambo lolote mbele za Mungu. Vilevile usifiche ukweli kwa kuogopa kumwaibisha mzee aliyeshurutisha. Nimeona mashahidi wa aina zote mbili, waongo na wafichaji, na siwezi kusema ni yupi aliyeumiza watu zaidi.

Kutetea ndoa hakuna maana ya kumfungia mtu ndani ya kipigo. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Mwanamke anakuja kwa wasimamizi wake uso umevimba, nao wanamwambia avumilie, ndoa ni msalaba, arudi akapike. Hilo si fundisho la Kanisa. Kanuni ya 1153 inasema mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa sababu halali ya kuondoka; na kama kuchelewa ni hatari, aondoke kwa uamuzi wake mwenyewe bila kungoja ruhusa ya mtu. Na Sheria ya Ndoa ya nchi yetu Tanzania, ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila zinasema vinginevyo. Kwa hiyo mpeni kwanza pa kulala, mpelekeni hospitali na polisi, halafu ndipo mzungumze na mume. Kifungo cha ndoa bado kipo. Kuishi chini ya paa moja ndiko kumesimama. Hatari ikiisha, wakarudiana, tutashukuru.

Kwa ugomvi usio na hatari, wahini mapema. Kwa kawaida sheria hiyo ya 1971 inataka shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla mahakama haijapokea ombi la talaka, lakini huko watu hufika wameshatukanana hadi ukoo wa saba. Ninyi mnaweza kufika bado wanakula meza moja.

Kuna lingine linalowaumiza watu bure. Aliyeachwa, au aliyepewa talaka ya serikali bila kuitafuta, hajatenda dhambi kwa kuachwa. Hata anayeiomba mwenyewe, Katekisimu namba 2383 inasema yaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au mali ya urithi. Mbele ya Mungu bado ana ndoa. Akiishi bila kuingia uhusiano mwingine, hiyo talaka haimzuii kupokea Ekaristi. Msimwangalie vibaya akipanga mstari wa komunyo, wala msimwondoe kwenye uongozi wa jumuiya kwa sababu hiyo. Aliyekwisha kuanza maisha na mwingine, suala lake ni la paroko, si la kikao chenu. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981 kwamba hao wasijione wametengwa na Kanisa. Waitwe Misani, waitwe kwenye sala, watoto wao walelewe katika imani. Na mmwelekeze pia kwenye Mahakama ya Kanisa, maana wapo walioishi miaka mingi wakiamini wamefungwa na hakuna aliyewahi kuwauliza ile ndoa ya kwanza ilifungwaje.

Mmoja wenu aliniuliza kama inaruhusiwa kukataa kusimamia. Inaruhusiwa. Kama unajua jambo huwezi kulisema, au huna nafasi ya kukaa na hao maharusi mwaka wa kwanza, wajulishe mapema, kabla majina hayajaandikwa kwa paroko, wapate muda wa kutafuta wengine.

Ni mimi mzee wenu,
katekista mstaafu