Kabari ya nyuzi 15

Tabora, 28 Julai

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleykum. Huku sote tu wazima, ila mama bado goti linamsumbua. Nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Rashidi na sina la kujitetea. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina shida, na shida yenyewe ni ya chuma, kwa hiyo ni yako.

Ile darubini imefika. Kioo kizima, hakina hata mkwaruzo. Stendi yake ndiyo inayoninyima usingizi. Ina mhimili ambao ukiulekeza kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, mota ndogo inaizungusha darubini polepole, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, kama anga lenyewe linavyozunguka, na nyota inatulia katikati ya lenzi. Ukiukosea mhimili, nyota inakutoroka.

Sasa sikiliza. Mhimili huo unatakiwa uinuke kwa nyuzi zilezile za latitudo ya mahali ulipo. Sisi Tabora tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, nanyi Kigoma ni karibu hivyohivyo. Stendi hii ilitengenezwa kwa watu wa mbali na ikweta: kipimo chake kinaishia nyuzi 20, ukizidi kushusha boliti inagota. Kijitabu kinaniambia nitafute Nyota ya Kaskazini. Hamisi, nyota hiyo kwetu iko chini ya ardhi! Ya kusini nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata anga likiwa safi, na hapa inakaa nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, palepale ambapo msimu huu pamejaa moshi wa mioto ya porini. Sijaiona hata mara moja.

Jumamosi niliwaita wanafunzi wa kidato cha tatu uwanjani. Niliiacha stendi kwenye nyuzi 20, nikijua si sawa, nikitumaini itatosha. Nikawaonyesha Alpha Centauri, ile angavu karibu na Msalaba wa Kusini, ambayo kwa macho ni moja na kwenye darubini ni mbili. Binti wa kwanza aliinama, akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, ziko mbili, zinagusana." Sauti ile bado ninayo masikioni. Lakini kabla wa nne hajafika zamu yake, nyota ilishatoka pembeni. Nikairudisha, ikatoka tena. Walikuwa 31, na wengi walirudi bwenini bila kuona kitu. Hilo ndilo limeniuma.

Nikajaribu matofali mawili chini ya mguu wa kaskazini ili mhimili ulale. Darubini ikaanza kuelemea kusini, nikaidaka kwa kifua. Tena ukiilaza hivyo, fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu wa stendi. Matofali basi.

Ninachokuomba ni kabari ya chuma. Bamba la chini liwe sentimita 30, upande mnene uinuke sentimita 8. Hapo unapata nyuzi 15. Ishirini toa kumi na tano, tunabaki na tano zetu. Upande mnene nitauweka kaskazini. Na kama una kipande cha bomba la inchi 4, kirefu kama mita moja, kichomelee chini yake kiwe nguzo ya kusimikwa kwenye zege, ili ile fimbo isikute mguu wa kugonga. Mchoro uko karatasi ya pili. Usihangaike na nyuzi 15 kamilifu. Ukizidisha nusu, skrubu za stendi zitamalizia. Ila isitikisike, Hamisi. Hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Kusini nimeshaipata bila dira. Jana nilisimika fito ya mita moja, nikaisimamisha kwa pimamaji, nikachora duara kuizunguka, nikatia alama ncha ya kivuli ilipogusa duara asubuhi na ilipoligusa tena alasiri. Katikati ya alama hizo ndiyo kusini ya kweli. Kivuli kifupi kabisa kilikuwa sentimita 45, na hakikuja saa sita, kilikuja saa saba kasoro dakika tano hivi! Saa zetu ni za mashariki mno kwa mji huu. Nimevuta uzi wa muashi na kumwaga chokaa juu yake. Mstari upo, unaisubiri nguzo.

Ikishasimama nitaijaribu kwa nyota ya utosini. Ikihama kwenda kaskazini, mhimili umeelekea mashariki mno. Ikienda kusini, umezidi magharibi. Kijitabu kinasema kinyume, kwa kuwa kimeandikiwa upande wa pili wa ikweta, na mimi nilikifuata hadi saa nane usiku nikizidi kuharibu. Niliielewa siku nilipochora mpira wa dunia ubaoni na kuuzungusha kichwani mwangu pole pole.

Najua giza la mwezi ndilo la dagaa kwenu, na watu watakuletea mitumbwi na vishikio vya karabai vya kuchomea. Giza hilohilo ndilo ninalolitaka mimi. Je, unaweza kuifanya kabla ya hapo? Chuma cha milimita 6 bado kinapatikana kwa yule bwana wa Mwanga, au kimepanda tena? Nikutumie kiasi gani cha kuanzia? Zuwena alijifungua salama? Na wewe mgongo vipi, au bado unainua mabomba peke yako? Ukiupakia mzigo kwenye treni nipigie, nitakuwa stesheni mwenyewe. Au panda nao uje, ulale kwetu, uzione hizo nyota mbili. Utakuja?

Wako,
Masanja