Mtandao nao una kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule mwandishi wenu wa safu aliyesema mitandao ya kijamii ni chombo tu kama kisu, ubaya au uzuri uko kwa anayekishika. Hii kauli tushaisikia mpaka basi, kwenye semina, kwenye mahafali, juzi hata harusini MC kaitoa. Mie siikubali. Huu mtindo wa watu kukutana kwenye mashine, wakaitana ndugu bila kuonana sura, wakagombana na kufukuzana, ulianzishwa na watu waliokuwa na siasa zao na malezi yao, na siasa zile bado zimo humo humo kwenye simu zetu.

Kwao ni California. Mwaka 1964 wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley waliwasha moto kwa sababu utawala uliwakataza kuweka meza za siasa na kuchangisha hela za harakati za haki za Wamarekani weusi. Kuna waliojitundika shingoni zile kadi za kompyuta za enzi hizo, za kutobolewa matundu, kuonyesha kwamba chuo kinawageuza kadi za kulishwa kwenye mashine. Maana kompyuta kwao ilikuwa mali ya jeshi na makampuni makubwa, adui kabisa. Sasa utamu uko hapa, kijana mmoja wa vuguvugu hilo, Lee Felsenstein, fundi wa mambo ya umeme, Agosti 1973 yeye na wenzie akina Efrem Lipkin wakaichukua mashine hiyo hiyo ya adui wakaipeleka duka la santuri.

Duka linaitwa Leopold's Records. Wakaweka teletaipu, mashine kama taipureta inayotuma na kupokea maandishi, pale juu ya ngazi, karibu na ubao ambao wanamuziki walikuwa wanabandika matangazo yao, ikaungwa kwa laini ya simu na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco. Makelele yake sasa! Ikabidi waifunike na boksi la kadibodi lililowekwa sponji, na kidirisha cha plastiki cha kuchungulia karatasi. Mradi wakauita Community Memory. Pembeni ya lile boksi alikaa mtu, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu ndo hoja yangu ilipo, kazi yake ilikuwa kumkaribisha kila anayepanda ngazi na kumwonyesha jinsi ya kuandika na kutafuta. Watu wakamiminika, huyu anatafuta mpiga besi, yule anauza gitaa, mwingine kauliza wapi atapata bagel nzuri, ule mkate wa duara wenye tundu katikati, na kati ya majibu aliyopata moja lilimwambia kuna mwokaji wa zamani atamfundisha azioke mwenyewe. Leo uliza kitu hivyo kwenye mtandao uone utakavyotukanwa.

Kwa mchapo tu, wakati wenzetu wanapandisha kompyuta ngazi za duka, sisi Tanzania mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Na wakati maelfu ya vijana wa Marekani wamehama miji kwa hiari yao kwenda kuishi kijamaa mashambani, sisi tulikuwa tunahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na wengi wetu siyo kwa hiari. Sisemi nani alipatia, vijiji vyao vingi navyo vilikufa haraka, vingine wanaume wanapiga stori za uhuru huku wanawake wako jikoni.

Kimoja kilichodumu kinaitwa The Farm, kipo Tennessee, kilianza 1971. Nakitaja kwa sababu mwaka 1985 Stewart Brand, yule aliyekuwa anachapisha katalogi ya vifaa kwa ajili ya hao wahamiaji wa mashambani, alishirikiana na daktari Larry Brilliant, aliyekuwa kwenye kazi ya kutokomeza ndui India, wakaanzisha The WELL pale Sausalito, watu wanapiga simu kwa modemu, kile kifaa cha kuunga kompyuta na laini ya simu, wanaingia kuongea kwa maandishi. Kuiendesha wakawachukua watu waliotoka The Farm, Matthew McClure, baadaye Cliff Figallo na John Coate. Ujuzi wao mkubwa ulikuwa wa kuishi na watu, wameshakaa miaka kwenye nyumba moja na familia za watu wengine, wanajua ugomvi unaanzaje na unazimwaje. Wakaweka sheria kwamba maneno yako ni yako mwenyewe, utayabeba, na huwezi kuandika kwa kujificha, jina lako linajulikana. Tena kila mwezi wakawa wanaalikana ofisini wanaonana uso kwa uso, wanakula, na aliyekutukana Jumanne unakutana naye.

Kasoro zilikuwepo. Dola 8 kwa mwezi na dola 2 kwa kila saa siyo hela ya kila mtu, na kifaa cha kuingilia ununue mwenyewe, kwa hiyo wengi humo walikuwa wasomi weupe wenye kazi nzuri ambao serikali kwao ni kero tu. Mmoja wao, John Perry Barlow, mfugaji wa zamani wa Wyoming na mtunzi wa mashairi ya bendi ya Grateful Dead, tarehe 8 Februari 1996 alikuwa Davos, Uswisi, kwenye mkutano wa matajiri, akaandika tamko la kuziambia serikali zikae mbali na mtandao. Tamko zuri kulisoma lakini halina mtu wa kukaa pembeni ya boksi. Siku hiyo hiyo Rais Clinton alisaini sheria ya mawasiliano, na ndani yake kuna kifungu cha 230 ambacho kwa sehemu kubwa kinamlinda mwenye jukwaa asishtakiwe kwa alichoandika mtumiaji. Matokeo yake makampuni yaliyokuja baadaye yakabaki na lile la kutobanwa, yule mtu wa pembeni ya mashine na zile sheria za kubeba maneno yako vikaonekana gharama. Ndo kifurushi tulicholetewa huku.

Na sisi tulikuwa na wetu. JamiiForums ilianza 2006 kwa jina la Jambo Forums, watu wanabishana kwa Kiswahili, wana wasimamizi wanaokijua Kiswahili, hata mafumbo yake. Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, blogu na majukwaa yakatakiwa leseni na ada zake kama shilingi milioni mbili hivi, Juni JamiiForums ikajifunga kwa muda. Linganisha na wale wa Community Memory kule Berkeley, walivyorudi miaka ya 80 na mashine za kutumbukiza sarafu, kusoma ilikuwa bure, kutoa maoni senti 25 za Kimarekani. Yaani tukambana aliyekuwa anasimamia, makampuni ya nje yasiyojua hata tusi la Kiswahili tukayaacha.

Grupu la WhatsApp la mtaa wetu admini ni mama muuza vitenge, yeye ndo anayefuta picha za ajali, anayepatanisha waliotukanana kisa taka, anayefuatilia michango ya msiba, halipwi hata vocha. Huyo ndiye mrithi wa yule wa duka la santuri na hakuna safu ya gazeti inayomtaja, tunaambiwa tu vijana watumie mtandao vizuri.

Kwa hiyo mwandishi wenu asiishie kuwaasa vijana. Nyie gazeti mna uwezo wa kupiga simu zikapokelewa, yaulizeni haya makampuni yameajiri watu wangapi wanaojua Kiswahili cha kusoma malalamiko tunayotuma usiku na mchana, muulizeni na aliyepanga zile ada alipigaje hesabu, halafu mchapishe watakachojibu hata kama ni mistari miwili.

Msomaji wenu,
Morogoro