Barua kutoka Greeley: hali ya hewa atakayoikuta Mama mwezi Mei

Greeley, Colorado
Mwishoni mwa Aprili

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Sisi huku hatujambo, na mkwe wenu anaendelea vizuri. Kliniki wanasema mtoto anatarajiwa katika juma la mwisho la Mei, kwa hiyo safari ya Mama ibaki kama tulivyoipanga. Baba, uliponiuliza kwenye simu kama Mama ajiandae kwa baridi au kwa joto, nilijibu kwa mkato kwamba ajiandae kwa vyote viwili. Jibu hilo linahitaji maelezo, hasa kwa mtu kama wewe ambaye huridhiki na habari ya mvua mpaka uambiwe inatoka upande gani.

Greeley iko kwenye tambarare, kama mita 1,420 juu ya usawa wa bahari, yaani chini kuliko Njombe, kwa hiyo Mama asihofu kuishiwa pumzi. Mashariki yetu ni mashamba ya mahindi, ngano na viazisukari mpaka upeo wa macho, na magharibi imesimama Milima ya Rocky; asubuhi anga likiwa safi tunauona mlima wa Longs Peak, wenye mita 4,346, ukiwa bado mweupe. Hali ya hewa ya Mei huamuliwa na upepo umetoka upande upi. Ukivuma kutoka magharibi, hewa huteremka mlimani ikiwa kavu na yenye joto, na watu huvaa kaptura. Ukigeuka na kuvuma kutoka mashariki, huleta unyevu ambao asili yake ni Ghuba ya Mexico, huupandisha kwenye miteremko ya milima, unyevu huo hupoa na kugeuka kuwa mawingu, nasi tunanyeshewa siku mbili mfululizo au, baridi ikizidi, tunaangukiwa na theluji.

Msidhani natia chumvi. Tarehe 19 Mei 2022 joto lilivuka nyuzi 30 mjini Denver, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, na usiku uliofuata theluji ikaanza kuanguka. Ilikuwa theluji nzito yenye maji, nayo ililemea miti ambayo tayari ilikuwa na majani, matawi yakavunjika na kuangukia nyaya za umeme. Kwenye kitalu ninakofanya kazi, wateja huanza kuulizia miche ya nyanya jua la Aprili linapowachangamsha, lakini wenyeji wenye uzoefu hawaipandi shambani kabla ya Siku ya Mama, ambayo hapa ni Jumapili ya pili ya Mei. Hata baada ya siku hiyo, jioni ikitulia bila upepo na anga likawa wazi, tunatandika shuka kuukuu juu ya matuta na kuzibana pembeni kwa matofali, kwa sababu sakitu ya alfajiri moja hugeuza majani ya nyanya kuwa meusi kabla ya saa nne. Sakitu hamhitaji kuelezwa, ninyi mmeiona kwenye viazi.

Kuhusu utabiri wa msimu, Baba, hutaona ugeni wowote. Kama Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inavyosema juu ya wastani, wastani au chini ya wastani, ndivyo wanavyosema wa huku kwa vipindi vya miezi mitatu mitatu, ila wao huambatanisha asilimia. Ramani ikionyesha uwezekano wa asilimia 40 wa mvua kuwa chini ya wastani, watu wengi husoma kana kwamba ukame umeshatangazwa, ilhali asilimia 60 zilizobaki ziko upande wa wastani na juu ya wastani. Kwa maoni yangu ramani hiyo humfaa anayenunua mbegu na kupanga maji kuliko anayefunga sanduku la safari. Mei ni miongoni mwa miezi yetu yenye mvua nyingi, lakini mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na upepo mmoja wa mashariki wa siku mbili unaweza kuleta sehemu kubwa ya mvua ya mwezi na kuupindua utabiri wote.

Ndiyo maana mkulima wa huku hatazami mawingu peke yake. Hutazama theluji iliyoko mlimani. Vipo vituo vinavyopima uzito wa theluji na kuugeuza kuwa kina cha maji, na kwa kawaida akiba hiyo hufikia kilele karibu na katikati ya Aprili, kisha huyeyuka Mei na Juni. Sehemu kubwa ya theluji huangukia upande wa magharibi wa milima, wakati watu wengi na mashamba mengi yako huku mashariki. Kwa hiyo walitoboa handaki la kilomita 21 chini ya mlima, na tangu mwaka 1947 linapitisha maji kuja kwetu. Ungependa zaidi kuliona Bonde la San Luis, kusini mwa jimbo, kwa sababu wanalima viazi mviringo kwenye mita 2,300 hivi, mahali ambapo mvua ni haba kuliko hata hapa Greeley. Hupanda Mei, huvuna Septemba, na maji yao karibu yote hutokana na theluji iliyoyeyuka, iwe imepitia mtoni au imetoka kisimani. Majira ya baridi yakiwa makavu, mvua nzuri ya Mei huwapunguzia gharama ya kumwagilia, lakini haijazi pengo.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mvua ya mawe. Asubuhi huwa shwari, saa sita mawingu huanza kujikusanya juu ya milima, na kuanzia saa nane au saa tisa hushuka tambarare yakiwa na radi. Tarehe 8 Mei 2017 mawe yaliyoanguka eneo la Denver yalisababisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 2, nyingi ikiwa ya magari na mapaa. Tonado, yaani vimbunga vyembamba vinavyozunguka kwa kasi, nazo hutokea: ile ya tarehe 22 Mei 2008 ilipiga Windsor, mji jirani kabisa na wetu, na mtu mmoja alifariki. Simu ikilia kwa mlio ule wa dharura, tutateremka chumba cha chini ya nyumba, na Mama asishangae wala asirudi juu kuchukua kitu. Matembezi yake yatakuwa ya asubuhi.

Barabara ya Trail Ridge, inayokatiza Milima ya Rocky na kufika mita 3,713, takriban sawa na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, hufungwa na theluji msimu wote wa baridi na mara nyingi hufunguliwa mwishoni mwa Mei. Tutampeleka Juni, akishapumzika, na mtoni tutakaa mbali na ukingo, maana wakati huo mito hufurika maji ya theluji, ya baridi kali na yenye kasi.

Basi aje na sweta mbili, vitenge, viatu vilivyofungwa na mafuta mazito ya kupaka, kwa kuwa hewa ya huku ni kavu na hupasua midomo. Koti zito asinunue. La mkwe wenu lipo na litamtosha. Baba, nitumie picha ya viazi vya bondeni, na unijulishe kama mvua zimeshakatika.

Wasalimieni wote nyumbani.

Mwanenu