Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Probesheni: Mwanangu anasaini tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo ziligongwa mhuri wa kupokelewa, kisha kimya.

Mwanangu alipopewa probesheni, yaani kukaa nje chini ya uangalizi wa afisa, badala ya jela, hakimu alituambia atapata mtu wa kumwongoza. Nililia kwa furaha. Miezi 14 sasa anapanga foleni, anasaini daftari, anaondoka. Dakika mbili, tatu kama kalamu imepotea. Amebadilishiwa afisa mara nne, na kila mgeni humwuliza kosa lake lilikuwa nini, faili likiwa mezani.

Wiki iliyopita alipata kibarua, cha kwanza tangu kesi. Siku ya kuripoti ikagongana na kazi. Akapiga simu, haikupokelewa. Kesho yake alipofika akaambiwa amekiuka masharti, arudi mahakamani. Yaani miezi yote hiyo hakuna aliyemtafutia kazi, alipoipata mwenyewe ndipo ofisi ikamkumbuka. Hongereni kwa uangalizi.

Mheshimiwa, unajua kuliko mimi probesheni ilivyoanza. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu John Augustus alimdhamini mlevi mmoja, na baada ya wiki tatu akamrudisha kwa hakimu akiwa mtu mwingine. Faini ikawa senti moja na gharama za kesi. Fundi viatu! Hadi anafariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Nayo sheria ya Uingereza ya 1907 ilimtaka afisa amshauri aliye chini yake, amsaidie, awe rafiki yake. Mwanangu hajui hata jina la afisa wake wa sasa.

Sisemi maafisa ni wabaya. Labda ni wachache na mafaili ni mengi, labda fedha huishia kwenye semina, nakisia tu. Yule wa pili alikuwa mtu kweli: aliuliza kijana analala wapi, anatembea na nani, kitu gani humpandisha hasira. Mwezi ule mwanangu aliacha kabisa kutoka usiku. Afisa akahamishwa.

Wakili sina uwezo naye, na usingizi umenikimbia. Naomba kabla ya siku ya mahakama afisa mmoja akae naye, amsikilize, ndipo aandike ripoti. Nusu saa tu, Mheshimiwa. Nitamleta mwenyewe, na kalamu nitakuja nayo.

Wako mtiifu, bado,
Mama yake