Risala ya wazazi na wauguzi wa wodi ya watoto njiti kwa mgeni rasmi, 17 Novemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi mlioketi meza kuu, wazazi wenzetu na nyie mliosimama huko nyuma maana viti vimeisha, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Mheshimiwa, na pole na majukumu. Tulikutarajia saa tatu asubuhi ila hata hii saa saba tunashukuru, wapo waliotuahidi wakatuma mwakilishi na mwakilishi naye akatuma salamu.

Kikundi chetu kilianza na akina mama watatu waliokuwa wanakamua maziwa kwenye kona ya korido, leo tuna katiba, tuna mhuri na grupu la WhatsApp lisilolala. Mafanikio ni mengi mno. Tumefuma kofia mpaka zimezidi vichwa. Pia tumetekeleza Mradi Mkubwa wa Kukinga Mwanga, yani kwa lugha nyepesi tumefunga foili kwenye sindano na mipira ya mafuta ya dripu, yale mafuta meupe ya lishe anayopewa mtoto kwenye mshipa, kwa sababu mafuta yale yakipigwa na mwanga yanatengeneza peroksaidi, kemikali zinazoumiza seli, na mtoto njiti hana kinga ya kutosha ya kupambana nazo. Foili tulichangishana wenyewe.

Sasa Mheshimiwa tuingie kwenye kilichotukutanisha, ni hayo hayo mafuta.

Mtoto anajiwekea mafuta mwilini ile miezi 3 ya mwisho tumboni, na ndipo kondo linapompa kwa wingi DHA, yani mafuta ya omega 3 ya kujengea ubongo na macho. Aliyezaliwa wiki ya 26 hiyo miezi hakuipata. Tumbo lake bado halibebi maziwa ya kumtosha, tunampa ya mama yake matone matone huku chakula kingine kinapita kwenye mshipa, na humo sukari na protini peke yake hazitoshi, akikosa mafuta siku 3 tu upungufu unaweza kuanza kuonekana kwenye damu. Na hatuombi mapipa jamani. Mtoto wa kilo 1 akipewa gramu 2 kwa siku, kwa yale ya asilimia 20 ni mililita 10, vijiko 2 vya chai kwa saa 24 nzima! Kwa saa moja ni kama mililita 0.4, hakuna nesi wa kuhesabu hiyo kwa macho, inataka pampu ya sindano.

Tatizo ni kwamba tunayopata, siku tukiyapata, ni ya soya tupu. Hatuyatukani, yalianzia Sweden miaka ya 1960 na yamelisha watoto wengi sana. Ila soya ina omega 6 nyingi mno, na kutoka humo mwili unatengeneza kemikali zinazochochea inflamesheni, ule moto wa ndani ambao mtoto njiti tayari anao kwenye mapafu, utumbo na macho. Pia ina fitosteroli, yani kolesteroli ya mimea, zinazohusishwa na nyongo kukwama, ndo unaona mtoto aliyekaa wiki kadhaa kwenye dripu anageuka njano na ini linaumia. Yapo ya mchanganyiko, mfano soya 30, mafuta ya MCT (mepesi kwa mwili kuyatumia) 30, zeituni 25 na samaki 15 katika kila 100, omega 3 ya samaki inapooza ule moto kidogo. Mwongozo wa wataalamu wa watoto wa Ulaya wa 2018 unasema dripu ikizidi siku chache soya tupu isitumike, mchanganyiko ndio uwe chaguo la kwanza.

Daktari wetu amegoma kusaini risala mpaka tuongeze hili, na ana haki: haijathibitishwa kwamba mchanganyiko unapunguza vifo au ugonjwa wa mapafu kwa njiti wote, na samaki akizidi anashusha asidi ya arakidoni, aina ya omega 6 ambayo mtoto anaihitaji kukua. Kwa hiyo hatuombi muujiza, tunaombea hawa wanaokaa muda mrefu kwenye dripu, pamoja na kipimo cha trigliseridi, yani mafuta yaliyomo kwenye damu, ili tujue mtoto anayamudu mafuta au yanamlundikia tu kwenye damu.

Mheshimiwa, mgeni wa mwaka juzi alituahidi pampu 6 hapo hapo ulipokaa, tukampigia makofi na vigelegele. Mgeni wa mwaka jana akasema ahadi ya mwenzake ataibeba yeye, na kweli akaleta kitu, akaleta friji. Tunaishukuru ile friji, ila chupa za mafuta hazihitaji friji, zinataka tu joto lisizidi nyuzi 25 na zisigande, kwa sasa tunatunzia soda za wageni, hiyo uliyokunywa imetoka humo.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, mafuta ya mchanganyiko yawe kwenye oda ya kila mwezi, na pampu zake 6. Tumekuandalia karatasi, idadi ipo, nafasi ya tarehe na ya sahihi zipo, kalamu iko pembeni ya maua. Picha ya pamoja tumeipanga baada ya hapo.

Tunaomba kuwasilisha.