Florida State ya 2023 ilikatwa mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kipigo cha pointi 63 kwa 3 walichokipata vijana wa Chuo Kikuu cha Florida State mbele ya Georgia, Desemba 30, 2023, kilithibitisha kuwa kamati ya uteuzi ilitenda haki kuwaacha nje ya mchujo wa ubingwa wa futiboli ya vyuo vya Marekani. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi tangu wakati huo, hata vibarazani kwa Watanzania wenzangu tunaoishi huku Florida, na kila ninapoisikia hubaini kwamba msemaji anaikumbuka mechi moja na amezisahau 13 zilizoitangulia.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, nazungumzia ile futiboli ya mpira wenye umbo la yai, inayochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Vyuo zaidi ya 130 vya daraja la juu vimegawanyika katika ligi mbalimbali, na kila chuo hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali ya ligi yake, kwa hiyo haiwezekani wote wakakutana. Hadi mwaka ule, timu nne ndizo zilizokwenda kuugombea ubingwa wa taifa, na waliozichagua ni watu 13 waliokaa chumbani.

Florida State hawakubahatisha. Mwaka 2021, kocha Mike Norvell akiwa katika msimu wake wa pili, walipoteza mechi nne za mwanzo mfululizo na kumaliza na ushindi mara 5 na vipigo 7. Miaka miwili baadaye walifungua msimu mjini Orlando kwa kuichapa Louisiana State 45 kwa 24, na Keon Coleman peke yake akafunga tachidauni tatu, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa wapinzani. Mwishoni mwa Septemba wakaenda kwa Clemson, timu ambayo Florida State hawakuwa wameifunga tangu mwaka 2014. Walikuwa nyuma kwa pointi saba pale mlinzi wao Kalen DeLoach alipomvamia mrushaji wa Clemson, mpira ukamponyoka, DeLoach akaudaka mwenyewe na kukimbia nao yadi 56 hadi mwisho wa uwanja. Mechi ilikwenda muda wa nyongeza wakashinda 31 kwa 24. Ningeweza kuendelea, lakini mechi za Oktoba hazina ubishi, wala hakuna anayezibishia.

Ubishi unaanzia Novemba 18, na siku hiyo nilikuwepo. Nilikuwa jukwaani katika uwanja wa Doak Campbell na mwanangu, dhidi ya North Alabama, mechi ambayo kila mtu aliihesabu kuwa ya mazoezi. Katika robo ya kwanza Jordan Travis, kwotabeki wao, yaani yule mchezaji anayeanzisha kila shambulizi na kurusha pasi, alikimbia na mpira, akaangushwa, na mguu wake wa kushoto ukabaki umepinda vibaya. Uwanja mzima ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia watu wakilia safu mbili mbele yangu. Wenzake walimzunguka, kikaletwa kigari, mguu ukafungwa, akaondolewa. Mwanangu aliniuliza, "Baba, atacheza tena?" Nikamjibu kwamba atacheza, maana mzazi hana jibu jingine pale. Vijana wale walirudi mchezoni, wakashinda 58 kwa 13.

Wiki moja baadaye walikwenda Gainesville kwa watani wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Florida, wakiwa na kwotabeki wa akiba, Tate Rodemaker, wakashinda 24 kwa 15. Huyo naye aliumia kichwa, na katika fainali ya ligi yao, ACC, mjini Charlotte, Desemba 2, aliyeanza ni Brock Glenn, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nakubali kwamba kwa upande wa kushambulia haikuwa mechi ya kupendeza. Lakini walinzi wao hawakuwaruhusu wapinzani wao, Louisville, tachidauni hata moja, mechi ikaisha 16 kwa 6, na Florida State wakawa mabingwa wa ligi yao kwa rekodi ya 13 kwa 0, yaani ushindi mara 13 bila kipigo hata kimoja.

Kesho yake kamati ilizitangaza Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State ikawekwa ya tano. Mabingwa wa ligi kubwa ambao hawakuwa wamefungwa walikuwa watatu, wawili wakapita, wa tatu akaachwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika miaka yote ya mchujo ule wa timu nne. Nafasi nyingine zikaenda kwa Texas na Alabama, waliokuwa wamefungwa mara moja kila mmoja.

Sitaki kuificha hoja ya upande wa pili. Alabama walikuwa wametoka kuifunga Georgia, timu iliyokuwa na ushindi wa mechi 29 mfululizo, na mwongozo wa kamati uliiruhusu kuzingatia kukosekana kwa mchezaji muhimu. Kwa hiyo siwaiti wezi. Ninachosema ni kwamba swali la kama timu hii inaweza kushinda bila Travis lilikwisha kujibiwa uwanjani, Gainesville na Charlotte, na kamati ikaliweka jibu hilo kando na kuchukua makisio yake. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa Simba na Yanga tunazijua pointi za mezani, na tunajua uchungu wake. Na jambo linalonitia hofu zaidi ni kile wanachofundishwa makocha: kama jeraha la mchezaji mmoja linaweza kuwanyima wenzake mchujo, basi kuna faida katika kuficha majeraha na kumharakisha mgonjwa arudi uwanjani. Travis mwenyewe aliandika siku kamati ilipotangaza kwamba angetamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu waone kuwa timu ile ni zaidi ya kwotabeki. Kijana aliyevunjika mguu akiichezea timu yake hakupaswa kufikishwa mahali pa kuandika maneno hayo.

Sasa nirudi kwa ile 63 kwa 3. Walioingia uwanjani siku ile karibu na Miami, katika mechi iliyokuwa nje ya mchujo, hawakuwa timu ile niliyoisimulia. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza, baadhi wakijiandaa kwa usajili wa ligi ya kulipwa ya NFL, baadhi wakihamia vyuo vingine, Rodemaker akiwa miongoni mwao, na wote walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba hakuna ubingwa wa kuupigania. Wachezaji 10 wa kikosi kile walichaguliwa na klabu za NFL miezi minne baadaye. Kuitumia mechi ile kama ushahidi dhidi yao ni kumnyang'anya mtu jembe kisha kumlaumu kwa kutolima.

Msimu wa 2024 mchujo ulipanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi wakapewa nafasi zao. Utaratibu huo ungeanza mwaka mmoja kabla, barua hii isingekuwa na sababu. Jordan Travis alichaguliwa na New York Jets, lakini mguu ule haukupona vya kutosha, na Aprili 2025 alitangaza kustaafu bila kucheza hata mechi moja ya ligi ya NFL. Mwanangu alinikumbusha jibu nililompa siku ile jukwaani. Ndiyo maana ninaomba, Ndugu Mhariri, gazeti lako litakapoutaja tena msimu ule, liandike kwanza ile 13 kwa 0.

Wako,
Msomaji,
Tallahassee, Florida